Tuzo na Tunzo: Miundombinu ya Dar es Salaam Iliyotuzwa na Funzo Lake kwa Mlola, Wilaya ya Lushoto

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna tuzo za kimataifa za kazi za umma zinavyopaswa kusomwa. Mifano iliyotumika ni tuzo mbili zilizolipa sifa jiji la Dar es Salaam: Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, iliyotokana na mfumo wa Mabasi Yaendayo Haraka, na Tuzo ya Ross kwa Miji ya mwaka 2019, iliyotokana na uboreshaji wa njia wanazopita wanafunzi kwenda shuleni. Mifano hiyo inalinganishwa na historia ya kazi za umma katika Milima ya Usambara, na hali ya barabara za milimani zinazohudumia maeneo kama Mlola. Hoja kuu ni kwamba tuzo hushuhudia uamuzi mzuri uliofanywa wakati mahususi, lakini haishuhudii huduma itakayofuata. Ushahidi wa huduma unapatikana katika tunzo, yaani uangalizi wa kila siku unaoifanya kazi ya umma idumu. Makala yanapendekeza maswali manne ya kutathmini miundombinu, iwe imetuzwa au haijatuzwa.

Maneno makuu: tuzo, tunzo, miundombinu, mwendokasi, Mlola, Usambara

1.0 Utangulizi

Mlola ni kata ya Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga. Iko juu katika Milima ya Usambara Magharibi, ambako ardhi yenye rutuba na hali ya hewa ya ubaridi huwawezesha wakulima kulima kabichi, karoti, viazi mviringo na mboga nyingine zisizostawi vizuri katika joto la pwani. Sehemu kubwa ya mboga za Lushoto huuzwa mbali na zinakolimwa, na soko mojawapo kubwa ni Dar es Salaam. Gari la mboga linaloondoka milimani hushuka kupitia Soni hadi Mombo, hufuata barabara kuu hadi Segera na Chalinze, kisha huingia jijini kwa Barabara ya Morogoro likipita Kimara na Ubungo.

Njia hiyo moja inaunganisha aina mbili za miundombinu. Mwisho wake, kuanzia Kimara, uko kando ya njia za mabasi zilizoipatia Dar es Salaam sifa duniani. Mwanzo wake uko katika barabara za milimani ambazo hazijawahi kushindanishwa katika tuzo yoyote, na ambazo hazitarajiwi kushindanishwa. Hata hivyo, kwa mkulima wa Mlola, sehemu zote mbili ni njia ileile. Kabichi iliyokwama kwa siku mbili kwenye tope la milimani haiokolewi na uzuri wa barabara ya mjini.

Uhusiano huo ndio unaozaa swali la makala haya: tuzo inayotolewa kwa kazi ya umma humwambia nini mwananchi anayeitumia, na ina funzo gani kwa mahali ambapo tuzo haifiki? Swali hili si la nadharia tupu. Fedha za umma hazitoshelezi mahitaji yote, na sifa huathiri namna fedha hizo zinavyogawanywa. Mradi unaoweza kuzinduliwa, kupigwa picha na kutuzwa humvutia kiongozi na mfadhili kuliko kazi ya kuzibua mitaro, ijapokuwa kazi hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama gari litapita wakati wa masika.

2.0 Dhana za Tuzo na Tunzo

Kiswahili kinatoa msingi mzuri wa kulijadili jambo hili. Nomino “tuzo” inahusiana na kitenzi “tuza”, chenye maana ya kumpa mtu zawadi kwa kufurahishwa na alichokifanya. Ndivyo watazamaji wanavyomtuza mwimbaji au mchezaji ngoma palepale uwanjani, hali wimbo haujaisha. Kitenzi “tunza” kwa upande wake kina maana mbili katika kamusi. Maana ya kwanza, ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi leo, ni kuangalia na kuhifadhi kitu kisiharibike. Maana ya pili ni kutoa zawadi, sawa na kutuza. Kwa hiyo “tunzo” inaweza kuwa zawadi na inaweza kuwa uangalizi.

Ukaribu huo wa maumbo na maana unasaidia kubainisha mambo mawili ambayo mara nyingi huchanganywa katika mjadala wa miundombinu. Katika makala haya, tuzo ni sifa rasmi inayotolewa na chombo fulani, kwa vigezo fulani, kwa ajili ya jambo lililokwisha kufanyika. Tunzo ni kazi endelevu ya kuangalia, kukarabati, kusimamia na kugharimia kitu hicho ili kiendelee kutoa huduma iliyokusudiwa. Tuzo ina tarehe, jukwaa na mtu wa kuipokea. Tunzo haina siku ya uzinduzi, na anayeifanya aghalabu hajulikani jina.

Dhana inayokaribiana na tunzo imo pia katika fikra za kisiasa za Wasambaa. Mwanahistoria Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu wakulima wa Usambara, ameeleza jinsi jamii hiyo ilivyoupima utawala kwa dhana mbili za Kisambaa: *kuzifya shi*, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na *kubana shi*, yaani kuiharibu nchi. Mtawala hakusifiwa kwa tendo moja kubwa. Alihukumiwa kwa mvua, mavuno na amani, mambo ambayo hujirudia kila mwaka na ambayo hushindikana mara tu uangalizi unapokoma. Mtazamo huo unatoa kipimo cha kienyeji ambacho ni kigumu zaidi kuliko vigezo vya tuzo nyingi za kisasa, kwa sababu hakimpi mtawala cheti cha kudumu.

3.0 Tuzo ya Usafiri Endelevu ya Mwaka 2018

3.1 Kilichotuzwa

Tuzo ya Usafiri Endelevu hutolewa kwa mji uliotekeleza mabadiliko ya maana katika usafiri wa umma, usafiri wa baiskeli na uendaji kwa miguu. Mji wa kwanza kuipokea ulikuwa Bogotá, Colombia, mwaka 2005. Miji mingine iliyowahi kutuzwa ni pamoja na Seoul, London, Paris, New York, Guangzhou na Santiago. Katikati ya mwaka 2017 ilitangazwa kwamba tuzo ya mwaka 2018 ingekwenda Dar es Salaam, uliokuwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata. Mwezi Juni 2018 jiji hilo lilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa usafiri unaoambatana na tuzo hiyo.

Kilichotuzwa ni awamu ya kwanza ya mfumo wa Mabasi Yaendayo Haraka, ambao wananchi huuita “mwendokasi”. Wazo la mfumo huo lilianza kufanyiwa kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Kleist Sykes alipokuwa Meya wa Jiji. Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART) ulianzishwa mwaka 2007, ujenzi ukaanza mwaka 2012 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016. Uzinduzi rasmi ulifanywa na Rais John Magufuli Januari 2017. Awamu hiyo ina urefu wa takribani kilomita 21, ikianzia Kimara na kufika Kivukoni, pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani. Ina vituo 27 na vituo vikuu vitano. Huduma ilianza kwa mabasi 140.

Sababu za kuisifu kazi hiyo zilikuwa za kweli. Kwanza, mabasi yalipewa njia zao katikati ya barabara, hivyo basi lenye abiria zaidi ya mia moja halikulazimika tena kusubiri nyuma ya gari lenye mtu mmoja. Pili, sakafu ya kituo ililinganishwa na sakafu ya basi, jambo lililomsaidia mzee, mama mwenye mtoto na mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Tatu, nauli ililipwa kituoni kabla ya kupanda, na hivyo muda wa basi kusimama ukapungua. Nne, njia za waendao kwa miguu na za baiskeli zilijengwa sambamba na barabara. Katika jiji ambalo wakazi wengi hawana magari binafsi, mgawanyo huo wa nafasi ya barabara ulikuwa uamuzi wa haki, na haukuwa wa uhandisi peke yake.

Ni muhimu pia kueleza kwamba Taasisi ya Sera za Usafiri na Maendeleo (ITDP), ambayo ndiyo mwandaaji mkuu wa tuzo hiyo, ilikuwa imelishauri jiji kuhusu mradi huo tangu hatua zake za awali. Jambo hilo haliibatilishi tuzo. Linamkumbusha msomaji kwamba tuzo ina mtoaji, na kwamba mtoaji huwa na mtazamo wake juu ya kilicho kizuri.

3.2 Ambacho tuzo haikukipima

Karakana kuu ya mabasi ilijengwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi. Bonde hilo hupokea maji kutoka sehemu kubwa ya jiji, na eneo la Jangwani lina historia ya mafuriko. Mvua za Aprili 2018 zilileta maji karakanani, mabasi yakaharibika, na huduma ikasitishwa kwa muda. Hayo yalitokea baada ya tuzo kutangazwa, na miezi michache kabla ya wageni kukusanyika jijini kuisherehekea. Baadaye mpango wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, pamoja na kujenga daraja refu na la juu zaidi pale Jangwani, uliingizwa katika mradi mwingine unaogharimiwa kwa fedha za Benki ya Dunia. Maana yake ni kwamba gharama halisi ya awamu ya kwanza haikuishia kwenye mkataba wa awamu ya kwanza.

Upande wa uendeshaji nao ulikuwa na changamoto ya aina hiyo. Huduma ilianza chini ya utaratibu wa mpito, ikiendeshwa na kampuni ya UDART, iliyoundwa kwa ushirika wa Shirika la Usafiri Dar es Salaam na vyama vya wamiliki wa daladala. Utaratibu uliokusudiwa kuwa wa muda ukaendelea kwa miaka. Mabasi yalipochakaa, idadi ya yaliyokuwa barabarani ikapungua, hali abiria waliendelea kuongezeka. Misongamano vituoni ikawa sehemu ya mazungumzo ya kila siku ya jiji. Katika awamu ya pili, inayofuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala kwa takribani kilomita 20, ujenzi wa njia na vituo uligharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Njia zilikamilika kabla ya mabasi ya kupita juu yake kupatikana. Kwa muda, zege lilikuwa tayari bila huduma iliyosababisha zege hilo limwagwe.

Mifano hiyo miwili inaonyesha kasoro ya jinsi neno “miundombinu” linavyotumiwa. Aghalabu humaanisha kitu kinachoonekana: barabara, daraja, kituo. Lakini abiria wa Kimara hahitaji kituo. Anahitaji basi linalofika kituoni. Kituo, basi, dereva, fundi, vipuri, mkataba na mtaro wa maji ni viungo vya mwili mmoja. Tuzo iliyotolewa mwaka mmoja baada ya uzinduzi iliweza kuviona baadhi ya viungo hivyo. Vingine vilihitaji miaka ili vionekane.

Hata hivyo, haitakuwa haki kuhitimisha kwamba tuzo ilitolewa kimakosa. Uamuzi wa kulipa basi la umma kipaumbele barabarani ulikuwa sahihi mwaka 2016 na umebaki kuwa sahihi. Malalamiko ya abiria yenyewe ni ushahidi: watu hulalamikia uhaba wa kitu wanachokihitaji. Kilichokosewa ni kuichukulia tuzo kama hati ya kumaliza kazi, badala ya kuichukulia kama ushuhuda wa kuianza vizuri.

4.0 Tuzo ya Ross ya Mwaka 2019

Tuzo ya pili ni ya kazi iliyo ndogo zaidi kwa umbo. Tuzo ya Ross kwa Miji huandaliwa na Taasisi ya Rasilimali za Dunia (WRI), na ilitolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2019, ikiwa na zawadi ya dola 250,000 za Marekani. Miongoni mwa waliofika fainali ulikuwamo mfumo wa magari ya kamba wa Medellín, Colombia, ambao ni maarufu sana katika fasihi ya mipango miji. Mshindi alikuwa mradi wa SARSAI wa shirika la Amend, unaotathmini na kuboresha usalama wa barabara katika maeneo ya shule. Mradi huo ulitekelezwa Dar es Salaam na katika miji mingine ya Afrika.

Kazi za mradi huo hazina cha kustaajabisha machoni. Wahusika hubaini shule ambazo wanafunzi wake hugongwa mara nyingi na magari au pikipiki, hufuatilia njia ambazo watoto hao hupita, kisha huweka njia ya waendao kwa miguu, kivuko, matuta ya kupunguza mwendo, nguzo za kuzuia magari yasipande kando ya barabara na alama za tahadhari. Pengine lango la shule huhamishiwa upande usio na magari mengi. Gharama ya shule moja ni ndogo mno ikilinganishwa na kilomita moja ya barabara ya kisasa.

Nguvu ya mradi huo ilikuwa katika upimaji. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam ulilinganisha shule zilizofanyiwa maboresho na shule zilizokuwa bado hazijafanyiwa, kwa kukusanya taarifa za majeruhi katika kaya kabla na baada ya maboresho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba majeruhi ya watoto yalipungua kwa asilimia 26. Katika hali hii, kilichotuzwa si ahadi ya manufaa. Ni manufaa yaliyokwisha kuhesabiwa kwa kulinganisha.

Tofauti kati ya tuzo hizi mbili inaweza kuelezwa hivi. Ya mwaka 2018 ilituza uamuzi mkubwa ambao matokeo yake ya muda mrefu yalikuwa bado hayajajulikana. Ya mwaka 2019 ilituza uamuzi mdogo ambao matokeo yake yalikuwa yamepimwa. Hata hivyo, zote mbili zinategemea tunzo. Rangi ya kivuko hufutika, tuta husagika, na njia ya waendao kwa miguu hugeuka meza ya biashara au maegesho ya bodaboda. Mtoto anayeanza darasa la kwanza miaka kumi baadaye hatalindwa na utafiti wa mwaka 2019. Atalindwa na rangi iliyopakwa upya.

5.0 Kazi za Umma katika Milima ya Usambara

5.1 Mafunzo ya historia

Milima ya Usambara ina historia ndefu ya kazi za ujenzi zilizosifiwa. Reli iliyoanzia Tanga mwaka 1893 ilifika Mombo, chini ya milima, mwaka 1905. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma iliyoteremsha mbao za mtarakwa kutoka Shume hadi Mkumbara, kwenye reli. Kwa kipimo cha uhandisi ilikuwa kazi ya kushangaza, kwani ilivuka mporomoko ambao barabara isingeweza kuushuka kwa urahisi. Lakini ilijengwa kwa ajili ya biashara ya magogo. Biashara hiyo na utawala ulioilinda vilipoondoka, njia hiyo haikuwa na mwenyewe. Watu waliokuwa wakiishi chini ya kamba hizo hawakuwa wamehusishwa katika faida yake, na hivyo hawakuwa na sababu ya kuitunza.

Mfano wa pili ni wa hifadhi ya ardhi. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa kurekebisha ardhi katika bonde la Mlalo, na baadaye ukapanuliwa sehemu nyingine za Usambara. Wakulima walilazimishwa kutengeneza matuta ya kuzuia mmomonyoko katika mashamba yao, na walioshindwa waliadhibiwa. Wataalamu wa wakati huo waliona kwamba mpango ulikuwa na msingi wa kisayansi, na kweli mmomonyoko ulikuwa tatizo. Kwa wakulima, na hasa wanawake ambao walibeba sehemu kubwa ya kazi ya shamba, matuta yaliongeza jasho bila kuongeza chakula. Upinzani ulikua, ukaungana na vuguvugu la kudai uhuru, na mpango ukaachwa kabla ya miaka ya 1950 kwisha.

Kuanzia mwaka 1981, kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, mradi mwingine wa kuzuia mmomonyoko na kuendeleza kilimo mseto, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, ulifanya kazi katika Wilaya ya Lushoto. Tatizo lilikuwa lilelile, lakini mbinu zilitofautiana: mistari ya majani ya malisho na miti ilipandwa kufuata kontua, ili kinga ya udongo iwe pia chakula cha ng'ombe na kuni za nyumbani. Pale ambapo kinga ilimpa mkulima faida ya karibu, mkulima alikuwa na sababu ya kuitunza. Kwa hiyo, matuta ya Mlalo na majani ya kontua yanatofautiana zaidi katika swali la nani anayetunza, na kwa faida ya nani, kuliko katika sayansi ya udongo.

5.2 Barabara ya milimani na kazi ya maji

Barabara zinazohudumia maeneo kama Mlola zinaendeleza swali hilohilo. Adui mkubwa wa barabara ya milimani ni maji. Mvua za vuli na za masika huanguka juu ya miteremko mikali, na maji hutafuta njia fupi ya kushuka. Barabara yenye mgongo mzuri huyasukuma maji pembeni, mtaro huyapokea, na kalvati huyavusha upande wa bonde. Kipande kimoja cha mfumo huo kikiziba, maji huigeuza barabara yenyewe kuwa mto. Changarawe huchukuliwa, korongo huchimbika katikati, na ukingo wa upande wa chini huanza kumeguka. Kilichoanza kama majani na udongo ndani ya mtaro, kazi ya watu wachache wenye majembe, huishia kuwa kazi ya greda, malori ya kifusi na ukuta wa mawe. Hata lami haiondoi sharti hilo. Barabara ya lami ya Mombo hadi Lushoto imewahi kuzibwa na maporomoko ya udongo.

Tanzania ina vyombo vya kushughulikia jambo hili. Wakala wa Barabara (TANROADS) husimamia barabara kuu na za mikoa. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA), ulioanza kazi Julai 2017, husimamia barabara za wilaya na vijiji. Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta, uliwekwa mahususi ili fedha za matengenezo zisichanganyike na mahitaji mengine ya serikali. Kuwapo kwa mfuko huo ni kukiri kitaasisi kwamba tunzo huhitaji fedha zake yenyewe, kwa kuwa isipotengewa fungu daima itashindwa na miradi mipya. Aidha, Usambara na Upare kuna desturi ya msaragambo, ambapo wanajamii hutoka pamoja kufanya kazi ya umma kama vile kusafisha mitaro na kuchimba mifereji. Msaragambo hauwezi kujenga daraja la zege, na si haki kuutumia kama kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake. Lakini wenyeji huujua mtaro unaoziba kwanza, na kona ambayo maji huvuka kila masika. Maarifa hayo hayapatikani katika michoro iliyochorwa mbali.

Kinachohusika hapa ni riziki na uhai. Mboga haina subira. Mkulima asiyeweza kuifikisha sokoni hulazimika kuiuza kwa bei ya anayethubutu kuifuata, au kuiacha shambani ioze. Mama mjamzito anayepewa rufaa kutoka kijijini kwenda hospitali ya wilaya husafiri juu ya changarawe ileile. Kwa watu hao, mtaro uliozibuliwa mwezi Februari, kabla ya masika, una thamani inayoweza kulingana na ya mradi uliotuzwa. Hakuna jukwaa linalousifu.

6.0 Maswali ya Kutathmini Miundombinu

Kutokana na mifano iliyojadiliwa, makala haya yanapendekeza maswali manne ambayo mtafiti anaweza kuyatumia.

La kwanza: nini hasa kilichosifiwa? Inapasa kubainisha kama sifa imetolewa kwa wazo, kwa ujenzi au kwa matokeo yaliyopimwa. Tuzo ya 2018 na ya 2019 zinajibu swali hili kwa namna mbili tofauti, ingawa zote huitwa tuzo.

La pili: nani mtunzaji, na analipwa kutoka wapi? Mradi usio na jibu la swali hili siku ya uzinduzi umejengwa nusu, hata kama zege limekamilika lote. Njia ya kamba ya Shume na vituo vilivyosubiri mabasi Mbagala vinatofautiana kwa karne nzima, lakini vyote vinaelekeza kwenye swali hili.

La tatu: je, mtunzaji ana faida katika kutunza? Matuta ya kulazimishwa na majani ya kontua yameonyesha kwamba amri pekee haidumu, na kwamba faida ya karibu hudumu kuliko hofu.

La nne: maji yatapita wapi? Swali hili linaonekana la kiufundi mno, lakini limeiunganisha Jangwani na Mlola kuliko jambo lingine lolote. Karakana iliyo bondeni na barabara iliyo mlimani zimeumizwa na adui mmoja, na katika hali zote mbili kinga ilikuwa ya bei nafuu zaidi kabla ya mvua kuliko baada yake.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba tuzo za kimataifa zilizotolewa kwa kazi za umma za Dar es Salaam zilistahili kutolewa, na kwamba zinastahili kusherehekewa. Jiji la Afrika lililotoa nafasi ya barabara kwa abiria wa basi na kwa mtoto aendaye shule kwa miguu lilifanya jambo ambalo miji mingi tajiri imesita kulifanya. Hata hivyo, kusherehekea hakulingani na kuhitimisha. Tuzo husema kwamba siku fulani uamuzi mzuri ulifanyika. Haiwezi kusema kwamba basi litafika kesho.

Kwa Mlola, funzo si kusubiri mradi mkubwa utakaoivutia kamati ya kimataifa. Funzo ni kudai kwamba fedha na hadhi zinazotolewa kwa uzinduzi zitolewe pia kwa matengenezo, na kwamba wanaotumia barabara wawe na sauti katika kuamua mtaro upi uanze kuzibuliwa. Kwa watafiti, uwanja ulio wazi ni wa kuichunguza miundombinu ikiwa na umri wa miaka kumi au ishirini, wakati ambapo hotuba zimesahaulika na kitu chenyewe ndicho kinachobaki kutoa ushahidi. Lugha ya Kiswahili imekwisha kuyaweka maneno mawili karibu sana, tuzo na tunzo. Sera ya miundombinu ingefaa iyaweke karibu vilevile, kwa kuhakikisha kwamba kila jiwe la msingi linalowekwa lina fungu la matengenezo lililoandikwa katika bajeti ya mwaka unaofuata.